Kinachowasha Ndani ya Mswaki

Mzee anayeuza miswaki nje ya msikiti ninakoswali Ijumaa hana kibao wala bei iliyoandikwa. Ana kipande cha turubai, kisu chenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli, na mafungu ya mizizi aliyoyafunika kwa gunia lililoloweshwa. Mteja mgeni huchagua kwa macho: hutaka mswaki mnene, ulionyooka, usio na kovu. Mzee humwacha achague, kisha huuchukua bila kusema neno, huukata ncha kiasi cha ukucha na kumrudishia auonje. Ukiwa hauwashi, huutupa pembeni na kuvuta mwingine chini ya gunia. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajipa kazi yote hiyo kwa bidhaa ya bei ya andazi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jinsi ya kumeza mate.

"Usiowasha ni ukuni, mwanangu."

Huko kuwasha kuna jina la kikemia na uzito uliopimwa. Kuna pia kisa cha jinsi kulivyonaswa, na kwangu mimi kisa hicho ni kitamu kuliko vingi vya maabara, kwa sababu waliokifikisha mwisho ilibidi kwanza waache kufanya jambo ambalo wakemia wa mimea hulifanya kila siku ya kazi.

Mti wenyewe kitaalamu unaitwa Salvadora persica, jina alilolichapisha Linnaeus mwaka 1753. Ni mti wa nchi kavu na chumvi, wenye matawi yanayoinama hadi chini. Unaota kuanzia India, Uajemi na Bara Arabu hadi pembe ya Afrika, pwani yetu na nyika za bara. Waturkana wanauita esekon, Waarabu arak. Mzizi uliokatwa kwa kusugulia meno Waarabu wakauita miswak, nasi tulipolipokea neno tukaisikia ile mi- ya mwanzo kama ya miti na mikate, mmoja wake ukawa mswaki. Siku hizi ukisema mswaki dukani unapewa wa plastiki, na mti uliotoa jina unalazimika kuongezewa maneno: mswaki wa mti, mswaki wa Kiarabu, mswaki wa porini. Mwenye nyumba amegeuka mpangaji.

Sasa tuseme mkemia anataka kujua kilichomo ndani ya mzizi wa dawa, uwe wa mswaki au mwingine wowote. Kazi yake haianzii maabara. Inaanzia kwenye jina. Lazima tawi lenye majani, na maua ikiwezekana, libanwe kati ya karatasi, likaushwe, libandikwe kwenye kadi yenye tarehe na mahali lilipokatwa, kisha lihifadhiwe mahali kama hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya Afrika Mashariki iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Kadi ile ndiyo shahidi. Mwarobaini huchongwa mswaki, mjafari huchongwa mswaki, na sokoni vyote huitwa mswaki. Bila shahidi, mtafiti anaweza kuandika kurasa ishirini kuhusu mti asioujua.

Baada ya jina, mzizi huoshwa, hukatwakatwa, hukaushwa kivulini, husagwa. Hatua inayofuata mpishi yeyote wa pwani anaijua, isipokuwa yeye hutumia nazi. Ukiikuna nazi na kuikamua kwa maji kidogo unapata tui zito. Ukirudia kwa maji mengine unapata tui jepesi. Chicha linalobaki lina vitu ambavyo maji hayakuweza kuvitoa. Mkemia naye hukamua unga wa mzizi mara kadhaa, ila hubadilisha kikamulio. Heksani, ambayo ni jamaa wa petroli, hutoa mafuta na nta. Kimiminika kingine cha wastani hutoa sehemu kubwa ya vile anavyovitafuta. Methanoli, iliyo karibu zaidi na maji, hutoa sukari, tanini na vitu vya chumvichumvi. Kila tui hukaushwa kwenye chupa inayozungushwa ndani ya maji ya uvuguvugu huku hewa ikinyonywa, mpaka chini ibaki gamu nyeusi yenye harufu ya kabati la bibi.

Gamu hiyo ina mamia ya kemikali zilizokumbatiana. Kuzitenganisha ni kazi ya kromatografia, ufundi ulioanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na mtaalamu wa mimea Mrusi, Mikhail Tswett, aliyepitisha rangi za majani kwenye bomba la unga wa chokaa na kuziona zikijipanga tabaka tabaka. Leo unga unaotumika zaidi ni silika, mweupe na laini. Ukitaka kuelewa jinsi unavyotenda, watume watu wawili wavuke soko la Kariakoo asubuhi. Mmoja ni mgeni mjini. Mwingine amezaliwa mtaa wa pili. Mgeni atapita moja kwa moja. Mwenyeji atasimamishwa na muuza nazi, ataulizwa habari za shangazi, atakaa kidogo kwenye benchi la kahawa. Mlango wa kutokea ni mmoja, lakini saa zao za kutoka hazitalingana. Kemikali inayoipenda silika ndiyo mwenyeji. Ile inayopenda kimiminika kinachopita hutoka mapema, na mtafiti husimama chini ya bomba akibadilisha vijichupa, siku nzima, pengine juma zima. Si ajabu kilo kadhaa za mizizi kuishia miligramu chache za unga safi, pungufu ya chumvi unayoweza kuibana kwa vidole viwili.

Kisha huja swali la mwisho: hiki nilichokipata ni nini? Mashine moja hupima uzito wa molekuli. Nyingine, yenye sumaku kali, huzihoji atomi za haidrojeni moja moja, na kila moja hueleza imepakana na nani. Ni kazi ya balozi wa nyumba kumi hasa. Huhitaji kuuona mtaa mzima; ukipata maelezo ya kila nyumba kuhusu majirani zake, utaweza kuichora ramani.

Njia hii ndefu imepitiwa sana hapa kwetu. Mwaka 1990 Hans Weenen na Mayunga Nkunya wa idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao, akiwemo mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi, walitoa matokeo ya kujaribu mimea ya tiba ya Tanzania dhidi ya vimelea vya malaria vilivyokuwa vimezoea dawa. Kati ya vilivyofanya vizuri zaidi ni vitunguu vya ndago, yaani magugu yaleyale ambayo mkulima huyalaani kila msimu, na magome ya mizizi ya kichaka kiitwacho Hoslundia opposita. Miaka miwili baadaye Nkunya na Weenen, wakishirikiana na Hans Achenbach wa Ujerumani, walitangaza kemikali walizozitoa ndani ya mzizi huo wa Hoslundia na kuzichora maumbo yake. Hakuna kidonge cha Hoslundia katika duka la dawa. Kutoka kwenye mchoro wa molekuli hadi kidonge kuna safari nyingine ndefu, yenye panya, ini, figo na fedha nyingi, na molekuli nyingi huishia njiani. Lakini mchoro ule upo, na mwenye kuhitaji ataukuta.

Turudi kwa mzee wetu. Kwa mswaki, njia hiyo ya heshima ina mtego. Chukua kitu ambacho sifa yake ni kuwasha na kunusa, kikate, kikaushe siku kumi kivulini, kisage, kichemshe kwenye methanoli, kisha ukivutie hewa mpaka kikauke. Unapomaliza umebaki na nini? Una tanini, una chumvi, una silika, una mambo mengi ya kuandika. Kile kilichomfanya mzee akate ncha kimeondoka zamani, na pengine hakikupata hata nafasi ya kuzaliwa. Hilo la kuzaliwa nitalieleza.

Katika chuo cha tiba cha Karolinska Institutet nchini Sweden, Abier Sofrata na wenzake walifanya jambo lililo karibu na la kitoto kwa urahisi wake. Hawakukamua kitu. Walichukua vipande vya mswaki kama vilivyo na kuviweka kwenye visahani walivyooteshea bakteria wa kinywani. Vipande vingine walivichomeka ndani ya ule utelezi unaowalisha bakteria. Vingine wakavining'iniza juu yake, visiguse chochote. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008 yalionyesha kwamba bakteria kadhaa waliathirika vibaya hata pale mzizi ulipokuwa ukielea juu yao. Wa kwanza katika kudhurika walikuwa wale wanaohusishwa na maradhi ya fizi, wenye majina marefu kama Porphyromonas gingivalis na Aggregatibacter actinomycetemcomitans.

Hapo ndipo ninapoweka kikombe cha kahawa chini kila nikisimulia. Kitu kilichoua hakikugusa. Kilisafiri hewani. Kwa hiyo haikuwa na maana kukitafuta ndani ya gamu chini ya chupa. Kilipaswa kutafutwa katika hewa iliyo juu ya mzizi.

Wakaitega hewa hiyo. Mzizi uliokatwakatwa huwekwa kwenye kichupa kilichofungwa, kisha uzi mwembamba uliopakwa utomvu maalumu huingizwa kupitia kizibo na kuachwa uninginie juu ya mzizi. Uzi hunyonya mvuke jinsi kanga inavyonyonya udi. Ukitolewa huingizwa kwenye kromatografia ya gesi, ambayo ni lile soko la Kariakoo lililogeuzwa bomba refu jembamba lenye joto, na kila kinachotoka upande wa pili hupokewa na mashine ya uzito.

Mashine hiyo haina huruma. Huzipiga molekuli kwa elektroni mpaka zipasuke, kisha hupima vigae. Fundi aliyezoea anaweza kukitambua chungu kwa vigae vyake. Kemikali iliyotawala katika mvuke wa mzizi wa mswaki ina uzito wa 149, na kigae chake kikubwa kuliko vyote kina 91. Toa 91 kwenye 149 unabaki na 58, ambayo ni jumla ya naitrojeni moja, kaboni moja na salfa moja: 14, 12 na 32. Ile 91 nayo ni pete ya kaboni sita yenye kimkia cha kaboni moja, alama ambayo mwanafunzi wa kemia huitambua kama muumini anavyotambua sauti ya muadhini wake. Ukiviunga vigae hivyo unapata benzili isothiosianeti. Lakini kuunga vigae peke yake si ushahidi wa kutosha. Hununuliwa kemikali hiyohiyo ikiwa safi, hupitishwa kwenye bomba lilelile, na ikitoka dakika ileile na kupasuka vilevile, shauri limekwisha. Mwaka 2011 kundi lile la Sweden lilichapisha jina hilo kama kijenzi kikuu cha mizizi, na wakaonyesha kwamba, hata ikiwa peke yake, kemikali hiyo inawaua bakteria wale wa fizi kwa kasi. Katika picha za darubini ya elektroni, ngozi za bakteria zilionekana zimetokeza vivimbe.

Sasa lile la kuzaliwa. Mzizi wa mswaki ulio mzima ardhini hauna benzili isothiosianeti ya kutajika, na ungekuwa nayo nyingi ungejiunguza wenyewe. Una malighafi tu, kemikali tulivu ya jamii ya glukosinoleti iliyofungwa pamoja na sukari. Pembeni yake, katika chumba kingine, mmea umehifadhi kimeng'enya kinachoweza kuikata sukari hiyo. Vitu hivyo viwili havikutani mpaka kitu kiuvunje ukuta: jino la panya, kisu cha mzee, au gego lako. Vikikutana penye unyevu, sukari inaanguka, kinachobaki kinajipanga upya, na ndani ya muda mfupi kitu kinachowasha kimekuwepo ambacho kabla hakikuwepo.

Waliowahi kuwatazama bibi zao wakila tambuu hawahitaji somo refu. Jani ni la kijani, chokaa ni nyeupe, popoo ni ya kahawia. Hakuna chekundu kwenye kile kijaluba chote. Wekundu hutengenezwa mdomoni.

Ndiyo maana nasema swali la "dawa iko wapi ndani ya mzizi" kwa mswaki lilikuwa limeulizwa vibaya. Haimo ndani, ikisubiri kutolewa kama sarafu kwenye kibubu. Hutokea pale mzizi na mtumiaji wanapokutana, na mkemia asiyetafuna, kwa maana ya kuuvunja mzizi ungali na uhai wake na kuunusa papo hapo, hukosa kukutana nayo. Wazee hawakujua glukosinoleti, na sitawapamba kwa kusema walijua. Walijua utaratibu. Ncha iliyotafunwa siku mbili imekwisha kazi yake kwa sababu malighafi na kimeng'enya vyake vimeshamalizana; kata, upate seli ambazo bado hazijavunjwa. Gunia hulowekwa kwa sababu mzizi mkavu haufanyi kazi mpaka upate maji, kama unga wa haradali ambao kwenye kopo hauna ukali na ukiukoroga na maji unakutoa machozi. Na hakuna mzee niliyewahi kumsikia akimwambia mtu achemshe mswaki kwanza. Moto hukiua kimeng'enya.

Haradali sikuitaja kwa kubahatisha. Mswaki na haradali ni ndugu. Wanabotania wamewaweka katika oda moja, pamoja na kabichi, sukuma wiki, mgagani, mlonge na mpapai. Ukoo mzima unatumia mbinu hiyohiyo ya vyumba viwili, kila mmoja na ladha yake. Mwenye kuchimbua mzizi wa mlonge mchanga na kuuponda karibu na pua atakubaliana nami haraka.

Kuna wanaosoma habari kama hii na kukimbilia kutupa dawa ya meno. Wasifanye hivyo. Jaribio lile la 2008 lina upande wa pili ambao wauzaji wa mtandaoni hawautaji: Streptococcus mutans, bakteria anayetajwa mno katika kutoboka kwa meno, hakuathirika kama wale wa fizi, na Lactobacillus aliathirika kidogo kuliko wote. Kwa matundu ya meno, floridi iliyomo kwenye dawa ya meno imethibitishwa mdomoni mwa watu kwa miongo mingi. Mvuke wa mswaki umethibitishwa juu ya kisahani. Mdomo una mate yanayochukua kila kitu na kukimeza, kisahani hakina. Tena benzili isothiosianeti ikiwa safi huchoma ngozi na macho. Hakuna aliye na akili anayeipaka kwenye fizi kwa kijiko. Mswaki una bahati ya kuitoa kidogo kidogo, ukiwa pamoja na nyuzi zinazosugua, na sehemu kubwa ya faida ya kusafisha meno inatokana na huko kusugua, na uvumilivu wa mwenye mkono.

Jambo jingine linanisumbua zaidi nikiwa pale kwenye turubai. Tawi likikatwa huchipua. Mzizi ukikatwa, mti una hesabu nyingine. Wachimbaji waangalifu hufukua upande mmoja tu, huchukua mizizi ya pembeni, huuacha mkuu na kurudisha udongo. Wasio waangalifu huondoka na shina likiwa limelala. Kwa molekuli yenyewe hakuna sababu ya kuchimba hata mzizi mmoja, kwa kuwa ni ndogo na rahisi, hutengenezwa viwandani na kuuzwa kwenye chupa. Lakini hakuna anayekwenda kwa mzee kununua molekuli.

Juma lililopita nyumbani tulikata papai. Mbegu zake zina benzili isothiosianeti ileile, kwa njia ileile ya kuvunjwa, nami nikaona nimfanyie majaribio mtoto wa dada yangu, mwenye miaka tisa, ambaye kila Ijumaa hubeba mswaki wa babu yake mfukoni kwa fahari. Nilimpa mbegu moja, nikamwambia aitafune na asiimeze. Kwanza akakunja uso. Kisha akasimama kutafuna, akageuza macho juu kama anayekumbuka jina la mtu, akaitema kiganjani na kuitazama.

"Mjomba, nani kaweka mswaki wa babu humu?"

Halafu akaomba maji, na papai hakulitaka tena.